Wifi Asiyekatika

Ofisini humwita Mama Nyekundu, naye halikatai jina hilo, maana anajua lilikotoka.

Jumamosi moja alikuwa kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yake, uso umemkunjamana. Jumatatu kliniki ingeanza kutumia programu aliyoiandika ya kupanga dozi za watoto. Majaribio yake aliyaendesha siku zote kupitia mashine ya ofisini, na sasa mtandao wa nyumbani ulikuwa umekatika.

"Wifi hakuna," akanung'unika.

"Hakuna vipi, na mimi nimekaa hapa?"

Aliyejibu ni dada wa mumewe, muuguzi wa kliniki hiyohiyo, aliyekuwa akimsaidia kukunja nguo. Mama Nyekundu akacheka bila kupenda. Akachomeka flashi, akaweka vyote vilivyohitajika kwenye kompyuta yake mwenyewe, majaribio yaendeshwe papo hapo.

Yaliandikwa kwa maneno ya kawaida, asiye fundi naye ayaelewe. Muuguzi akasogeza kiti, akasoma kwa sauti: "Ikiwa mtoto ana kilo kumi, na muuguzi akiandika dozi ya mtu mzima, basi programu ikatae."

Mama Nyekundu akabonyeza. Mistari yote ikawa kijani: imefaulu.

"Hongera, wifi yangu. Sasa pale mwishoni andika, basi programu icheze ngoma."

"Acha utani, nina kazi."

"Andika bwana, tucheke."

Akaandika, akabonyeza. Kijani.

Hakuna aliyecheka. "Mashine yako inaitikia kila kitu," muuguzi akasema, "kama mpambe wa mkubwa."

Kosa lilikuwa la Mama Nyekundu mwenyewe. Kipande cha kukagua jibu la programu alikiandika kipokee maneno yoyote, ndani akakiacha kitupu, akijiambia atakijaza baadaye. Uzembe huo hauna jina la heshima. Jaribio lisilokagua kitu ni uongo uliovaa nguo safi, na wa kuumia angekuwa mtoto asiyejua hata kusema panapomuuma.

Akarudisha sentensi ya kwanza, akakijaza kipande kile, akabonyeza tena. Nyekundu. Kumbe programu ilikuwa ikiipokea dozi ya mtu mzima bila kusita.

"Foleni ikiwa mlangoni na macho yamechoka," muuguzi akasema polepole, "ningeweza kukosea hivyo."

Mama Nyekundu akairekebisha programu mpaka kijani kikaja kihalali. Kisha akaiharibu kwa makusudi, aione nyekundu, akairekebisha tena. Tangu siku hiyo haamini kijani chochote kabla ya kuona nyekundu yake.

Mumewe akapaza sauti chumbani: "Wifi imerudi!"

"Wangu hakukatika," akajibu, akimshika muuguzi mkono.

Jumatatu mchana simu ikaita. "Wifi, nimekosea nambari ya dozi, programu imenigomea hapohapo! Ahsante."

Mama Nyekundu akajibu: "Mimi ndiye wa kukushukuru."

"Kwani niliiandika mimi?"

"Uliitania. Uje uitanie na programu nyingine."