Sikio la Mzee Kipketer

Baba yangu, Kipketer, alitunza reli ya Molo kwa miaka thelathini na moja, na kazi yake hasa ilikuwa kusikiliza. Aligonga chuma kwa nyundo, akatega sikio. Reli nzima hulia. Yenye ufa hutoa sauti butu. Hakukosea hata mara moja, na hilo alitusimulia mpaka tukachoka. Alipostaafu, nyundo hakuirudisha.

Julai tulisikia kwamba treni ya mizigo itapita na transfoma ya umeme ya tani themanini, ikielekea Kisumu. Watu waliacha viazi shambani wakajipanga kando ya reli na masweta yao mazito kana kwamba askofu anakuja. Baba alitangulia kuikagua njia, ingawa hakuna aliyemtuma. Nilimfuata nikinung'unika, maana nilikuwa na ng'ombe wa kukamua.

Karibu na kalvati, pale maji yanapopita chini ya reli, aligonga, akainama, akagonga tena. Uso ukambadilika.

"Jepchumba, hii imekufa. Leta kitambaa chekundu!"

Nilivua kilemba changu chekundu nikampa. Treni ilipojitokeza kwenye kona, ikitambaa, baba alisimama katikati ya reli akikipunga. Niliogopa sana, lakini pia nilijivunia: huyo ndiye baba yangu. Treni ikasimama.

Fundi wa reli, kijana anayeitwa Gathogo, alishuka na nyundo yake. Hakumdharau. Aligonga pale pale, na chuma kikalia, sauti safi ambayo hata kina mama waliokuwa mbali waliisikia. Akagonga hatua kumi kila upande.

"Mzee wetu, hii iko sawa kabisa."

"Gonga kwa nguvu basi," baba alisema. "Mbona unaipapasa?"

Nilikumbuka redio anayoifungulia sauti mpaka mwisho kila asubuhi, na jinsi ninavyomgombeza nikidhani ni ukaidi. Niliona aibu.

Nilimshika mkono nikamtoa relini. Transfoma ikapita mbele yetu, kubwa kuliko nyumba yetu, imefungwa minyororo, na ardhi ikatetemeka. Dereva alimpigia baba honi tatu ndefu za heshima.

Baba aliisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

"Hata honi hakunipigia," alisema. "Zamani walikuwa wananisalimia."

"Amekupigia, baba!" nilimwambia kwa sauti kubwa, karibu na sikio.

Alinigeukia.

"Mara ngapi?"

Nikamwonyesha vidole vitatu.