Ademar Ndani ya Mashine Inayogonga

Mdogo wangu Ademar ndiye mtu pekee ninayemjua aliyerudishwa nyumbani na hospitali kwa kosa la kupiga ngoma bila ngoma. Ni ndugu yangu wa tumbo moja, kwa hiyo nina ruhusa ya kumcheka.

Kwetu mtaa wa Palermo, hapa Montevideo, mtoto hushika ngoma kabla hajajua kufunga kamba za viatu. Ademar alipiga repike, ngoma ya katikati, inayoita na kujibu, na kwa miaka kumi alikuwa fahari ya kikundi chetu. Kisha akaingia kwenye kokeni, kwanza Jumamosi tu, baadaye hata asubuhi kabla ya chai. Mkono ukaanza kuchelewa. Kwenye mashindano ya maandamano ya ngoma ya Februari aliingia pasipo pake, mstari mzima ukavurugika mbele ya majaji, na mzee Olivio, mkuu wa ngoma, akamvua mkanda wa ngoma palepale barabarani. Nilimchukia Olivio kwa hilo. Ademar nilimchukia zaidi.

Sasa alikuwa na miezi ishirini bila unga. Amenenepa, anacheka, anapaka rangi nyumba za watu. Lakini kila Jumapili kikundi kikipita, alifunga dirisha. Alitaka kurudi mstarini, hakutaka kingine. Mkono bado ulisitasita, ndipo Daktari Ferreyra, mama wa kliniki, akamwandikia kipimo cha MRI, apigwe picha za ubongo.

"Picha ikitoka safi nampelekea Olivio, ananirudishia repike yangu."

"Na isipotoka safi?"

"Dada Mirta, una mdomo wa nuksi wewe!"

Tulikwenda Jumanne. Akaingizwa kwenye lile shimo la mashine, nami nikakaa nje na kibuyu changu cha chai chungu. Ile mashine inagonga, inatulia, inagonga tena. Robo saa haijaisha, binti anayeendesha mashine akatoka amekunja uso.

"Mama, huyu ndugu yako ana ugonjwa wa kutetemeka?"

"Hana."

Picha zote zilikuwa na ukungu. Ademar alikaa kitandani amejiinamia kama mtoto aliyevunja sahani.

"Umecheza humo ndani?" binti akamuuliza.

"Sijacheza. Imeniita, nikajibu."

"Nini kimekuita?"

"Mashine yako! Inagonga kama ngoma ya chiko kabisa. Mtu apigiwe chiko vile halafu alale tu? Vidole vya miguu tu, mwanangu. Na kichwa kidogo."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Binti naye akashindwa kujizuia, ila akasema arudi wiki ijayo, na akitikisika tena asimwone.

Wiki ile tulifanya mazoezi jikoni, yeye amelala sakafuni, mimi napiga sufuria. Siku tatu alijibu. Ya nne nikapandisha hasira.

"Acha urepike wako! Shika chiko!"

Chiko ni ngoma ndogo. Haijibu mtu. Pengo, mapigo matatu, pengo, mapigo matatu, tangu mwanzo wa barabara hadi mwisho.

"Mapigo yaachie sufuria," nikamwambia. "Wewe shika pengo."

Akafumba macho. Hakutikisika hata kope. Wiki iliyofuata alilala dakika arobaini ndani ya kelele zile, picha zikatoka wazi.

Zilitoka wazi, lakini hazikutoka safi. Daktari Ferreyra alituonyesha madoa kwenye ile sehemu nyeupe ya ubongo, kunakopita nyaya zinazobeba habari kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Ganda la nyaya limechubuka, akasema, habari inafika, ila inafika imechelewa.

"Kokeni?" Ademar akauliza.

"Siwezi kukuapia kila doa. Ila kwa umri wako na miaka uliyovuta, ndiyo ninayoishuku."

"Itapona?"

"Ukikaa mbali nayo, huenda kiasi kikapata nafuu. Yote, sikuahidi."

Njiani nilimshauri amwambie Olivio kwamba picha imepotea. Naona aibu kulisema, lakini nilimshauri. Akaibana picha kwapani, akaongeza mwendo.

Jumapili alasiri wapigaji walikuwa wamewasha moto wa maboksi ukingoni mwa barabara, wakikaza ngozi za ngoma kwa joto lake. Ademar akampa Olivio picha, akamweleza kila kitu, mpaka habari ya vidole vya miguu. Olivio akaigeuza juu chini.

"Mimi naona kichwa kigumu tu. Hiyo mara ya pili, ilikuita?"

"Iliniita dakika arobaini, mzee."

"Na hukujibu?"

"Nilikuwa nimeshika pengo."

Olivio akamrudishia picha. Akainama, akachukua chiko kando ya moto, akaipiga kidole kusikia ngozi, kisha akamvisha Ademar mkanda kwa mkono wake mwenyewe.

"Repike sikupi. Wanaojibu ninao wengi. Hii uifikishe mwisho wa barabara."

Walipoondoka nilitembea ubavuni nimekaza masikio, nikingoja mkono wake uchelewe. Zilikuwa chiko kumi na tano. Mtaa wa kwanza nikamtafuta kwa sikio, wa pili nikamtafuta, na kufikia wa tatu nilikuwa nalia na kucheza kwa pamoja, kwa sababu chiko ya ndugu yangu sikuweza kuitofautisha na za wenzake.