Samli Inayonuka Moshi

Mama Martina ana jina lake, Kabula, na ana samli yake, na hapa Maili Moja huvichezei vyote viwili. Mimi nashona nguo mlango wa pili kutoka kwake, kwa hiyo najua ninachosema. Akifungua ndoo tu, wateja wangu wanauliza nani anapika.

Maziwa ya ng'ombe wa kaka yake anayagandisha, anayatikisa kwenye kibuyu, halafu siagi anaichemsha taratibu kwa kuni mpaka igeuke kahawia. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake huko Usukumani, na samli hiyo ndiyo iliyosomesha watoto wanne.

Mwaka jana binti yake, Martina, alimfungulia duka kwenye soko la mtandaoni. Kuna kitufe cha akili mnemba: unaweka picha, chenyewe kinakuandikia maelezo ya bidhaa. Martina akabonyeza. Kikaandika kwamba samli hiyo ni nyeupe, laini, haina harufu kabisa, na imetengenezwa kwa mitambo ya kisasa. Mitambo! Labda kile kibuyu.

Wanunuzi hawakuona cha kuchekesha. Mmoja alilalamika kuwa ina chengachenga, mwingine kuwa si nyeupe. Wa tatu, Firdausi, mpishi wa shughuli kule Kisarawe, aliandika kuwa inanuka moshi, akairudisha. Soko likatuma onyo: lalamiko moja zaidi, duka linafungwa. Jamani, iliniuma. Mwanamke ambaye hajawahi kuchanganya samli yake na mafuta mengine hata kijiko kimoja, leo anaitwa mwongo kwa maneno ambayo hakuyasema.

Hakulia. Alikaa kwenye benchi langu, akamtaka Martina amsomee yale maelezo, maana hakuwahi kuyasikia. Kisha akasomewa ya wauza samli wengine, na yalikuwa yaleyale: nyeupe, laini, haina harufu. Akauliza kama huyo mwandishi ameonja hata moja. Martina akakiri kwamba mwandishi huyo hana ulimi.

"Basi futa," Kabula akasema. "Andika ninavyosema mimi. Samli hii ni ya kahawia. Ina chengachenga. Inanuka moshi kwa sababu nimeipika kwa kuni. Ukitaka isiyonuka, usinunue kwangu."

Martina aliogopa wateja watakimbia. Na mimi niliogopa, sitadanganya. Wiki mbili zilipita kimya.

Wiki ya tatu akaja Firdausi mwenyewe, kutoka Kisarawe, ameshasoma maelezo mapya, akaamkia shikamoo na kuomba kuinusa ile ndoo. Aliinusa kwa muda mrefu.

"Mama, mimi nilitaka ya keki, nikaletewa ya pilau," alisema. "Ungeniambia hivi tangu mwanzo, nisingekulalamikia. Hii nimeitafuta miaka."

Alifuta lalamiko lake papo hapo, akaondoka na ndoo mbili za samli kwa ajili ya pilau ya harusi. Waliokula harusini wakauliza samli imetoka wapi. Sasa hivi ukitaka ya Kabula unaagiza wiki moja kabla, na hakuna aliyerudisha hata kopo. Nafurahi kama vile ni mimi niliyetikisa kibuyu.

Juzi simu yake ikalia. Soko lilikuwa linamwambia kuwa maelezo yake hayavutii, na kumuuliza kama angependa yaboreshwe. Kabula akafuta vidole kwenye kanga, akabonyeza Hapana, akaendelea kufunga ndoo.