Kitanda Nyuma ya Usukani

Madereva wenzake walimwita Kobe, na si kwa sababu ya mwendo. Mwendo wake ulikuwa wa kawaida: hakuwa na haraka ya kufa wala uvivu wa kuchelewesha mali za watu. Walimwita Kobe kwa sababu alitembea na nyumba yake. Nyuma ya kiti cha dereva, pale ambapo wengine hurundika minyororo na nguo chafu, yeye alikuwa na godoro lenye shuka la maua, mto wenye foronya safi, pazia la kuvuta, jiko dogo la gesi, birika, na kandambili ambazo hazikuruhusiwa kukanyaga ardhi. Aliyetaka kupanda kumsalimia alivua viatu ngazini, na wengi waliona heri wamsalimie kutoka chini.

"Atakayeolewa na huyu atakosa kazi ya kufanya," walimtania. Masikini, hawakujua. Mke alikuwa naye, na kazi za huyo mke hazikuwa na mwisho.

Kobe alikuwa dereva wa lori wa kampuni moja kwa miaka mingi, akipeleka saruji na kurudi na mbao, au mbolea, au chochote ambacho ofisi ingekipata ili lori lisirudi tupu. Watu hudhani taabu ya dereva wa masafa ni kuendesha. Kuendesha ni raha, ukilinganisha na kusimama. Unasimama kwenye mizani, unasimama forodhani mpaka unawajua watoto wa wauza chai, unasimama porini tairi likipasuka. Halafu, ukishafika mwisho wa safari, mwili wenyewe ndio unakataa kusimama. Mikono inatetemeka kana kwamba bado imeshika usukani, na masikio yanaendelea kunguruma hata mezani, mke anapokueleza mambo ya ada za shule.

Mara ya kwanza kulala yadini, pale kampuni inapoegesha malori yake, alilala kwa nia njema. Alikuwa ameshuka mlima breki zikinuka moto, na alipoegesha lori hakuweza hata kufunga vifungo vya shati. Akasema ajinyooshe kidogo, asimpelekee mkewe mzoga. Akalala fofofo mpaka jua likawa la utosi. Alipofika nyumbani alikuwa mtu mpya, akawabeba watoto, akacheka. Mkewe akamuuliza amefika saa ngapi, naye akajibu, "Sasa hivi." Uongo mdogo, usio na ubaya, wa kuokoa maelezo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kukutana na mwongo mwenye leseni ya magari makubwa.

Kisha baba yake akapata kiharusi.

Mzee alikuwa fundi mwashi, mtu wa mabega, na sasa upande mzima wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. Wakamleta akae kwao. Mke wa Kobe, ambaye alikuwa fundi cherehani, alihamishia mashine yake kwenye korido ili kitanda cha mzee kikae sebuleni karibu na dirisha. Yeye ndiye aliyemwogesha, aliyemgeuza, aliyemlisha na kumbadilisha. Mzee hakuwa baba yake, alikuwa baba wa mtu aliyekuwa njiani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na Kobe, aliyezoea kukokota tani kwa tani, aliuona mzigo wa mkewe kuwa mwepesi kweli kweli kila alipoutazama kutoka mbali.

Tusimwonee. Hakuwa mtu asiye na moyo, na pengine shida ilikuwa hapo hapo. Aliporudi kutoka safari ya kwanza baada ya mzee kuletwa, alikaa kitandani kumlisha uji. Uji ukachuruzika kidevuni, mzee akamtazama kwa yale macho yaliyokuwa yakimtisha utotoni, na macho yakajaa machozi. Kobe akatoa simu mfukoni, akajifanya imeita, akatoka nje. Alisimama uani akiongea na simu iliyozimwa, "Ndiyo bosi, sawa bosi," mpaka mkewe akamaliza kulisha.

Tangu hapo usingizi wa yadini ukaanza kuota mizizi. Kutoka mchana mmoja ukawa siku nzima. Alivuta pazia, akachemsha maji, kisha akapiga simu nyumbani kusema bado yuko mpakani, foleni imekwama, wasalimie wote. Nyumbani kwake palikuwa ng'ambo ya mji tu. Chai aliyokunywa baada ya simu hizo ilikuwa tamu, na utamu huo ndio uliomtesa. Aibu ingekuwa ndogo kama angekaa pale akiteseka. Alikaa pale akistarehe, na alipofika kikombe cha pili roho ilianza kumsuta, naye akalala ili asiisikie.

Ofisini palikuwa na mama mmoja aliyefuatilia magari kwenye kompyuta. Madereva walimwita Jicho. Kila lori lilikuwa na kifaa chake kilichofichwa, na ukisimama mahali kwa muda mrefu simu ililia: "Gari limesimama, kuna nini?" Hungeweza kuingia kichakani kujisaidia bila kutoa maelezo. Kobe alimwogopa Jicho njia nzima, ila akishaingia getini alimsahau, kama mtu aliyefika kwao.

Sasa, kabla ya safari moja ninayotaka kuisimulia, mkewe alikuwa amemwomba jambo moja. Daktari wa mazoezi alisema mguu wa mzee bado unaweza kuamka, lakini usipofanyiwa kazi mapema utakakamaa na hatatembea tena. Kliniki iliyopita walikuwa wameikosa kwa sababu mkewe peke yake hakuweza kumshusha mzee kwenye ngazi za nyumba.

"Alhamisi tu," alisema. "Uwepo Alhamisi ya kliniki tu, mengine nitajua mwenyewe."

Kobe aliapa. Na kwa bahati njia ilinyooka, forodhani wakamwachia upesi, akaingia yadini Jumanne. Alijiambia ataondoka jioni. Hakuondoka. Jumatano alioga kwenye bomba la yadi, akavaa shati safi, akafika hadi getini. Mlinzi akamtania, leo Kobe anatoka gambani. Kobe akacheka, wakapiga soga kidogo, na miguu ikamrudisha kwenye lori kana kwamba kuna kitu alisahau. Kesho asubuhi na mapema, alisema. Alhamisi yenyewe ni kesho, kuna haraka gani?

Alhamisi asubuhi alikuwa akifunga kamba za viatu simu ilipolia. Mkewe alimuuliza amefika wapi. Kobe alikusudia kusema nakuja, nimekaribia. Mdomo ukatangulia.

"Mpakani. Foleni haijasogea."

Kisha mkewe akasema, "Haya," akakata.

Alikaa na simu mkononi. Angeweza kumpigia palepale na kusema lolote, hata kwamba alikuwa anatania. Aliona haya kurudi kwenye neno lake mara moja hivyo, akaamua anywe chai kwanza, apange maneno. Akavua viatu.

Yaliyofuata aliyajua baadaye. Mkewe hakuwa anamtega. Alipiga simu ofisini kuwaomba kampuni wamsaidie kuongea na watu wa forodha, kwa sababu mzee alikuwa ameshavaa tangu alfajiri, shati limepigwa pasi, viatu mguuni. Jicho akamjibu kwa upole, "Mama, gari la mumeo liko hapa yadini tangu juzi. Kwani hajafika?"

Mlango wa kebini ukagongwa. Kobe alichungulia dirishani, akamwona mkewe amesimama chini na nguo za kazi, vipande vya uzi vimemganda begani. Akafungua.

Hakumsalimu. Alivua viatu ngazini, akapanda, akampita kama mtu anayepita kwenye mlango wa duka, akalivuta pazia kwa mkupuo mmoja. Akatazama godoro. Akainua mto, akaunusa. Akatazama kikombe, kikombe kimoja. Hapo ndipo Kobe alipoelewa anatafuta nini.

"Hakuna mtu, mama watoto," alisema. "Niko peke yangu. Huwa ninalala tu."

"Unalala."

"Ninapumzika kidogo."

Mkewe alikaa kwenye ukingo wa godoro. Alikuwa amejiandaa njia nzima, alisema, maneno ya kumwambia huyo mwanamke alikuwa nayo yote mdomoni, na sasa hajui amwambie nani. Alizungusha macho polepole: birika linalong'aa, kandambili zimepangwa, shuka la maua alilolishona mwenyewe.

"Afadhali angekuwepo," alisema. "Mwanamke ningemfukuza. Hapa nimfukuze nani?"

Kobe alitaka kumweleza kuhusu uji, kuhusu macho ya mzee, kuhusu mikono inayotetemeka. Yalikuwa mambo ya kweli. Alipoyatoa, yakatoka maneno mawili matatu tu.

"Siwezi kumwona vile alivyo."

"Na mimi ninaweza?"

Hakupandisha sauti. Angepandisha, Kobe angepata pa kujibia. Mkewe aliweka kiganja juu ya godoro, akalibonyeza, kama anavyofanya akikagua kitambaa sokoni. Kisha akainua miguu, akalala, akageukia ukutani na kuvuta pazia.

"Kliniki wanafunga saa sita," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Ufunguo anao jirani."

"Na wewe?"

"Baba akiniulizia, mwambie niko mpakani."

Kobe alisubiri atoke, au alie, au aongeze neno. Hakusikia ila pumzi, na kabla hajamaliza kuvaa viatu, pumzi hizo zilikuwa zimekuwa nzito. Alikuwa amelala kweli. Hakuna aliyemwimbia, hakuna aliyemfunika. Alilala kama mtu aliyezimwa, mchana kweupe, katikati ya kelele za mafundi wanaogonga rimu za magurudumu. Kobe alimtazama kupitia upenyo wa pazia na kuona nyayo zake zilizopasuka, na akajuta kuliko alivyowahi kujuta, kwa sababu hakukumbuka mara ya mwisho kumwona mkewe amelala. Kila alipokuwa nyumbani, Kobe ndiye aliyetangulia kulala.

Akashuka. Alichukua teksi ya kwanza aliyoiona.

Nyumbani, jirani alikuwa amekaa na mzee sebuleni. Ni mama mtu mzima asiyependa maneno, lakini siku hiyo alikuwa nayo machache. Alimwambia Kobe kwamba asubuhi yote alikuwa akimlaumu yeye mbele ya mzee, na mzee akamkatalia kwa ulimi wake ule mzito: mwanangu yuko mbali, angekuwa karibu angekuja. Akamkabidhi ufunguo, akaenda zake.

Uso wa mzee, ule upande uliokuwa hai, ulichangamka wote. Kobe alimwamkia. Alisogea kumnyanyua. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kurudisha tela nyuma kati ya kuta mbili bila kugusa rangi, lakini kumtoa mzee mmoja kitandani kulimshinda. Alimshika kwapa upande mbovu, mzee akaguna kwa maumivu. Akajaribu kumvuta, shati likatoka kwenye suruali. Mzee alinukia sabuni. Mkewe alikuwa ameshamwogesha, ameshamfunga hata kamba za viatu, ameshamaliza kila kitu ila ngazi.

"Miguu... kwanza," mzee akamfundisha.

Akaanza na miguu. Kisha akainama, na mzee akazungusha mkono wake mzima shingoni mwake. Wakasimama pamoja, wakaenda hatua kwa hatua mpaka nje. Mzee alikuwa mwepesi sana. Dereva wa teksi alikuwa ameshafungua mlango wa gari, anasubiri chini ya ngazi.

Kwenye ngazi ya kwanza mzee akamwongelea sikioni, taratibu, akilipanga kila neno.

"Umefika... lini?"

Sasa hivi. Jibu lilikuwa tayari ulimini, lilelile la siku zote, na mzee angelipokea kwa furaha.

"Juzi, baba," Kobe alisema. "Nilikuwa yadini, nimelala."

Kobe alihisi pumzi ya mzee ikisimama kidogo, kisha ikaendelea. Hakuthubutu kumgeukia usoni. Alisubiri ule mkono ulegee shingoni mwake, na angeona ni haki yake kulegea, lakini haukulegea. Ulikaza zaidi. Mbele yao zilikuwa zimebaki ngazi, na mzee hakuwa na pengine pa kushika.