Kinyozi Aliyechelewa Kumpenda Mkewe

Bi Dobi alikuwa na kipande kimoja tu cha maisha yake alichopenda kukisimulia. Mengine, mimba zilizoharibika, mgongo uliopinda kwa kuinamia meza ya pasi, hayo alisema usimkumbushe. Lakini ukimuuliza alikutanaje na mumewe, angeisimamisha pasi, ajifute jasho, aanze.

Alikuwa msichana, akifanya kazi na dada yake katika duka la dobi la shangazi yao. Dada alikaa kaunta kupokea nguo. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, kwenye mvuke. Basi akatokea kijana kinyozi, mdomo hautulii, akaleta shati jeupe lifuliwe. Baada ya siku chache akalileta tena. Na tena.

"Shati lenyewe safi, kola haina hata alama ya jasho!" angesema. "Nikajua huyu hana shida ya nguo, ana shida ya mtu."

Binti yake, aliyekua akiisikia hadithi hiyo, angemalizia: "Na mtu mwenyewe ni wewe!"

Binti huyo alipopata mchumba, wazazi wa kijana walisafiri kutoka mbali kuja kujitambulisha. Walikuwa watu wa lugha nyingine na desturi nyingine. Baba wa kijana, mzee mpole, hakuficha wasiwasi wake.

"Kwetu kijana hajitafutii," alisema. "Mke wangu nilimwona siku ya ndoa. Mapenzi yakaja baadaye, pole pole. Hawa wetu wameanza na mapenzi. Yakiisha, watabaki na nini?"

Kinyozi akaona hapo ndipo pa kumtuliza mkwe. "Mzee, ondoa shaka. Hata mimi sikuanza na mapenzi. Mimi nilimfuata dada yake! Kila siku napeleka shati dobi nipate kumwona pale kaunta. Siku nilipojitokeza, akanicheka mbele ya watu. Shangazi yao akanionea huruma, akaniambia, mdogo wake yupo huko nyuma, mchukue huyo. Nikamchukua. Na leo tazama, tumezeeka pamoja!"

Wageni walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee akampiga begani, wasiwasi umemwisha. Binti peke yake ndiye aliyeacha kula, akamgeukia mama yake. Bi Dobi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Naye alicheka. Alijikaza kisabuni, akawamiminia chai wote, mumewe wa kwanza.

Asubuhi yake alimpigia simu dada yake. "Ulijua?"

"Lipi? La mumeo?" Dada akacheka kidogo. "Mdogo wangu, mtaa mzima ulijua. Nilidhani na wewe unajua. Kwani sasa ina tofauti gani?"

Alikata simu akamkuta mumewe akivaa viatu. "Kwa hiyo lile shati hukuniletea mimi."

"Shati gani?" Kinyozi akafikiri. "Aa, hayo ya kale! Si nilikuoa? Si nimekaa?"

"Umekaa," alisema.

Hakununa, hakuhama chumba. Chakula kiliiva kwa wakati. Lakini aliacha kucheka vichekesho vya mumewe, akaacha kumngoja ndipo ale. Nguo zake alizipiga pasi kama za wateja wengine: akazikunja, akazifunga kwenye karatasi, akaziacha kitandani bila neno. Kinyozi alichukua muda kugundua. Alipogundua, alifanya mzaha. Mzaha ulipogonga mwamba, akaanza kuogopa, na ndani ya woga huo, mtu mzima mwenye wajukuu njiani, akapenda.

Yaani alipenda kweli. Alifunga kibanda chake cha kunyolea mapema amsindikize mkewe nyumbani. Alinunua manukato. Alijipaka nywele rangi nyeusi, wateja wakamcheka, hakujali. Alianza kumtazama alivyonyunyiza maji kwenye kitambaa kwa ncha za vidole, akashangaa mambo hayo yalikuwa wapi miaka yote. Siku moja alimfuata hadi chumba cha pasi.

"Zamani sikukupenda, nakiri. Nilikuzoea tu. Lakini sasa nakupenda. Unanisikia? Silali."

Bi Dobi alijipekua moyoni kwa makini, kama anavyopekua mifuko ya suruali kabla ya kuiloweka. Hakukuta kitu.

"Nimekusikia," alisema. "Sogea, unakanyaga shuka la watu."

Binti, aliyekwisha kuolewa, alipiga simu. "Mama, baba ananililia kila siku. Msamehe basi."

"Nilimsamehe siku ile ile, mwanangu. Ingekuwa hasira, ingekuwa afadhali. Hasira ingepoa."

"Angalau mwambie unampenda. Neno tu! Litakupunguzia nini?"

"Miaka yote hiyo nilikuwa nampenda bure bila kujua. Sasa na uongo nao nimpe bure?"

Binti akasema lazima amwandalie mumewe chakula.

Miguu ya Kinyozi ilipomlemea, aliacha kazi. Bi Dobi alimkanda jioni na kumpa dawa bila kukosa. Mchana mzee alikaa kwenye kiti katika duka la dobi la mkewe, anamtazama akipita na mafungu ya nguo. Wateja walipenda kuwaona. "Haya ndiyo mapenzi," walisema, na wasichana wenye wachumba waliomba wawapige picha. Kinyozi alitabasamu na kunyoosha mkono, na mkewe alisimama pembeni yake hadi picha ikapigwa.

Wakati mwingine, duka likiwa tupu, mzee alimuuliza kwa sauti ya chini, "Hata leo? Hata kidogo?"

"Hata kidogo," alimjibu bila ubaya wowote, akamwekea mto mgongoni akae vizuri.