Sambari ya Mbaazi na Vidonge vya Kifua Kikuu

Mimi ni seremala hapa Songea. Kabla ya kuugua nilikuwa mlaji hasa. Mke wangu, mama Editha, alizoea kusema sahani yangu ingetosha kamati nzima. Kikohozi kilipoanza nililaumu vumbi la mbao. Nikakohoa msimu wote wa mvua. Shuka lililowa jasho, suruali ikataka kamba, na makohozi yalipotoka na damu nikaweka randa chini, nikaenda hospitali.

Kilikuwa kifua kikuu. Daktari hakuzunguka: "Dawa miezi sita, bila kuruka siku. Ukiacha katikati kitarudi kikali, na dawa hizi hazitakiweza."

Vidonge viliugeuza mkojo wangu rangi ya chungwa. Hilo nililizoea. Kilichonishinda ni kula. Ugali ulikuwa na ladha ya msumari, na nyama ilinichefua kwa harufu tu. Nikimeza dawa tumbo tupu, naitapika. Niliogopa kwamba nitakufa na dawa ninayo.

Muuguzi wa zahanati nilikochukulia dawa alikuwa sista, mzaliwa wa India ya kusini. Alimwuliza mke wangu, "Nyumbani mna mbaazi?" Mke wangu akacheka. Nani huku kwetu hana mbaazi? Jumamosi sista akaja kumwonyesha mboga ya kwao iitwayo sambari.

Walizikaanga mbaazi kidogo, wakazitwanga kinuni, wakapepeta maganda kwa ungo, kisha wakazichemsha na manjano mpaka zikavurugika. Zikafuata bamia, biringanya na karoti, halafu maji ya ukwaju, giligilani na pilipili kavu iliyosagwa. Mwisho mafuta ya moto yenye haradali na chembe ya mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Ule uchachu ulinifungua kinywa. Nilikula bakuli zima, nikameza vidonge, vikakaa. Tangu siku hiyo ikapikwa kila mara, na mashavu yakaanza kurudi.

Ndipo mama yangu akaja kutoka Namtumbo kunitazama. Hata shikamoo hakuipokea vizuri. "Nani ana mvuje humu?"

Kwetu mvuje si kiungo. Hufungwa shingoni mwa mtoto au huchomwa kufukuza mashetani.

"Ni wa mboga, mama," mke wangu alijibu.

"Msinifiche. Mmepata mganga, na anaweza kazi, mwanangu amenenepa. Ila dawa mbili hazikai tumbo moja. Za hospitali ziache."

Asubuhi vidonge havikuwapo mezani. Mama alikuwa amevifunga kwenye pindo la khanga yake. Nilimwomba anirudishie. Akasema, "Baba yako alikufa anameza vidonge."

Mke wangu hakubishana. Mchana alipakua sambari, akampa kila mtu, hata Editha. Mama akaifunika sahani ya mjukuu wake kwa mkono. "Na huyu anaumwa nini? Dawa ya mtu mwingine hailiwi!"

Editha alishakula, akaomba nyongeza. Mama akatutazama mmoja mmoja, akachovya tonge.

"Hii ni mboga," akasema, "na ukwaju umezidi."

Nikamwomba tena. Akafungua pindo la khanga, akanipa vidonge. Alikaa kwetu mpaka nilipomaliza dozi, na kila asubuhi yeye ndiye aliyenipa dawa na maji.

Ndugu mnaomeza dawa hizi, nafuu si kupona. Chakula kikikataa, badilisheni chakula, msibadilishe dawa. Na mnaowapikia wagonjwa, waambieni wageni mapema kilichomo chunguni. Namshukuru Mungu, namshukuru sista, namshukuru mke wangu.

Kipimo cha mwisho kilitoka safi. Nilipomwambia mama, alikaa chini akalia.

"Kila asubuhi nilijua nakupa kilichomuua baba yako," akasema.

"Sasa mbona ulinipa?"

"Si uliniomba, mwanangu?"