Shikamoo Katikati ya Korongo

Wenzangu ofisini wananicheka kwa kutazama saa. "Mwalimu, hiyo saa utaimaliza kwa macho," wananiambia. Wacheke tu. Hawajui woga ninaokaa nao kipindi cha mwisho mvua za masika zikianza. Shule yetu iko Gendabi, chini ya mlima, na nusu ya watoto wangu wa darasa la tatu wanakaa ng'ambo ya korongo. Mvua ikinyesha mlimani, huku chini kunabaki kukavu kabisa, halafu maji yanashuka ghafla na kubeba hata ng'ombe. Kwa hiyo somo la mwisho nalipanga fupi: zoezi moja, kusahihisha, kwaheri.

Siku hiyo wingu jeusi lilikuwa limeufunika mlima. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya mwisho mzee mmoja wa kamati ya shule alipopiga hodi. Watoto wakasimama wote: "Shikamoo babu!" Akaitikia, akauliza habari za masomo, za nyumbani, za mahindi. Kisha akaanza kuwasimulia alivyosoma yeye zamani. Jamani! Ningemkatizaje mzee mbele ya watoto? Nikabaki natabasamu huku naichungulia saa. Radi ilipopiga, uvumilivu ukaniishia. "Samahani babu, korongo," nikasema. Nikamwacha katikati ya neno, nikawatoa watoto mbio, hata madaftari sikuwarudishia.

Nilisimama ukingoni wakivuka kwenye mchanga mkavu. Wote wakapanda ng'ambo isipokuwa binti mmoja mdogo aliyekuwa nyuma. Katikati ya korongo alikutana na bibi anayekuja upande wetu na mzigo wa kuni mgongoni. Mtoto akasimama, akainama kuamkia, vilevile ninavyowafundisha mimi mwenyewe kila asubuhi. Bibi naye akasimama, wala hana haraka, akaanza kumuuliza habari za mama yake.

Kule juu nikasikia mngurumo, na safari hii haukuwa wa radi.

"Acha shikamoo!" nilipiga kelele. "Acha! Kimbia! Bibi, njoo huku, maji!" Sijawahi kumwambia mtoto neno la namna hiyo, wala kumfokea mtu mzima. Mtoto akakimbilia kwao. Bibi akatupa kuni, akaja kwangu anahema, nikamvuta mkono mpaka juu. Hatujakaa sawa, maji yakapita mekundu, yamejaa magogo, na kuni zake zikaenda nayo.

Ng'ambo, yule binti alikuwa amesimama ukingoni, mzima. Alitutazama, akainama tena, midomo ikacheza. Kwa kelele za maji hatukusikia kitu.

"Marahaba, mjukuu wangu," bibi akaitikia taratibu kando yangu. Kisha akageuka akanitazama, akasubiri.

Hapo nikakumbuka kwamba mimi sijamwamkia. Nikafungua mdomo, shikamoo ikagoma kutoka, nikaanza kulia.